Mama aliniuliza Kansas kuna nini

Jumapili nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na habari za mvua akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote minne niliyokaa huku: "Hivi huko unakokaa, baba, kuna nini?" Nilikuwa nimetoka safari, buti bado miguuni, nikamjibu kwa uvivu tu, "Hakuna kitu, mama. Nyasi na barabara." Akacheka. Akasema basi ni kama kwetu Tabora, ulienda mbali kutafuta nini. Kisha mtandao ukakatika.

Jibu hilo limenikaa kooni wiki nzima. Mimi ni dereva wa lori. Nimelala katika miji ya Kansas, jimbo la katikati ya Marekani, ambayo watu wa Wichita, mji wake mkubwa, wenyewe hawajawahi kuikanyaga. Kusema hakuna kitu ni kumdanganya mzazi.

Nianze na hizo nyasi. Wamarekani wa majimbo mengine huitania Kansas kwamba ni bapa, na mwaka 2003 wanasayansi fulani wenye mizaha yao walipima kweli: wakachukua chapati ya maji, wakailinganisha na ramani ya jimbo, wakatangaza kwamba Kansas ni bapa kuliko chapati. Dereva hawezi kukubali. Hii nchi imeinama, kama meza iliyowekewa matofali miguu ya upande mmoja. Kusini-mashariki, pale Mto Verdigris unapotoka jimboni, uko kama mita 207 juu ya usawa wa bahari. Magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Colorado, kuna Mount Sunflower yenye mita 1,231. Jina linasema mlima, lakini ukifika unakuta malisho ya ng'ombe na alizeti ya chuma iliyoungwa kwa misumari ya reli. Kwa hiyo unapanda kilomita nzima bila kuona kilima. Macho hayaoni, geji ya mafuta inaona.

Na upepo. Wenyeji wa awali walioipa nchi jina lake, Wakansa au Wakaw, jina lao hutafsiriwa kuwa watu wa upepo wa kusini. Tela tupu likikutana na upepo huo utajua kwamba hawakuchagua jina kwa ushairi. Mwaka 1873 serikali iliwahamishia kusini, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Jina likabaki, wao wakaondolewa.

Sehemu ninayoipenda ni Flint Hills, upande wa mashariki. Nyasi ndefu za asili, zinazokufika kifuani ifikapo Septemba, zamani zilifunika katikati ya bara hili. Leo hazifiki asilimia 4 ya zilivyokuwa, na nyingi kati ya zilizobaki ziko hapo. Hazikuokolewa na huruma ya mtu. Chini ya udongo mwembamba kuna mawe ya chokaa yaliyojaa gumegume, plau ikigonga inavunjika, na mkulima akaona heri awaachie ng'ombe. Kila majira ya kuchipua wafugaji huzichoma. Mara ya kwanza nilipita usiku, nikaona mistari ya moto imezunguka vilima, nikadhani kuna maafa. Kumbe ni kazi tu: moto unaua vichaka na kuleta majani mabichi. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba kuchoma mbuga ni ujinga wa wafugaji. Hapa wataalamu wa malisho wanakaa nao na kuwapangia siku.

Ukitoka hapo kwenda magharibi unaingia kwenye karatasi ya hesabu. Barabara za mashambani zimekatwa kwa pembe mraba, kila maili moja barabara, kaskazini kusini, mashariki magharibi, kwa sababu nchi ilipimwa na kugawanywa kwa mistari kabla ya walowezi wengi kufika. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Miji ikafuata reli. Kampuni za reli ziliweka vituo kwa vipimo, kama mtu anayepanda mihogo, ili mkulima mwenye mkokoteni wa farasi apeleke mzigo na kurudi nyumbani siku ileile. Gari likaja, hesabu ya mkokoteni ikafa, na mingi ya miji hiyo ikaanza kufa nayo. Siku za mwanzo niliwahi kuifuata ramani hadi mji fulani nikitafuta chai. Nilikuta vihenge vya nafaka virefu kama minara na makaburi yaliyofyekwa vizuri. Hakuna pa kununua hata maji.

Mama angeelewa hapa, maana sisi ni watu wa reli. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mpaka leo kuna vituo kule ambavyo vipo kwa sababu tu treni husimama.

Lakini kuna mji mmoja ambao ningependa aelewe zaidi. Unaitwa Nicodemus.

Kwanza ajue kwamba Kansas iliumana juu ya utumwa kabla nchi nzima haijaumana. Sheria ya mwaka 1854 iliwaachia walowezi waamue wenyewe kama jimbo litakuwa la utumwa au la. Watu wakamiminika kutoka pande zote mbili, wengine na Biblia, wengine na bunduki, wengine na vyote viwili. Mji wa Lawrence, uliojengwa na wapinga utumwa, ulivamiwa mwaka 1856, ukavamiwa tena Agosti 21, 1863, siku ambayo wanaume na wavulana zaidi ya 150 waliuawa. Katikati ya hapo, Januari 29, 1861, Kansas iliingia kwenye muungano wa Marekani ikiwa jimbo lisilo na utumwa. Kwa mtu mweusi wa kusini, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, neno Kansas likawa na utamu wake.

Ndiyo maana mwaka 1877 watu waliotoka utumwani Kentucky walipanda treni kwa mamia kuja kuanzisha mji wao kaskazini-magharibi, karibu na Mto Solomon. Matangazo yaliwaahidi nchi nzuri. Mwanamke mmoja aliyefika mwaka uliofuata, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba mumewe alipomwonyesha Nicodemus aliona moshi tu ukitoka ardhini. Miti ya kujengea haikuwapo, kwa hiyo watu walikuwa wamechimba mashimo wakaishi humo. Akaanza kulia.

Nimekwenda Nicodemus mara mbili, mara zote siku yangu ya mapumziko, kilomita mia kadhaa kwenda tu kutazama. Nilikaa kwenye ngazi za jumba la mji, jengo la mawe ya chokaa la mwaka 1939, nikala andazi la dukani. Mwanamke yule sikuweza kumtoa kichwani. Nami nililia usiku wa kwanza Kansas, Januari, ndani ya chumba chenye hita mbovu, na mimi nilikuja kwa ndege, na karatasi zangu ziko safi.

Walibaki, wengi wao. Walilima kwa majembe ya mkono kabla ya kupata farasi. Mwanasheria wa mji wao, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, mtu mweusi, miaka 17 tu baada ya vita. Kulikuwa na magazeti, hoteli, benki, timu ya besiboli. Kisha mwaka 1888 reli waliyoisubiri ikapita ng'ambo ya pili ya mto. Ni kilomita chache tu. Wafanyabiashara wakahamisha maduka kuifuata, mengine wakayang'oa mzimamzima na kuyakokota, na kando ya reli ukaota mji mwingine, Bogue.

Leo wakazi wa Nicodemus unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Lakini kila mwisho wa Julai wajukuu wa walowezi wale wanarudi kutoka majimbo ya mbali, mji unajaa, wanapika, wanaimba. Tangu mwaka 1996 ni eneo la kihistoria la taifa. Bogue walipata reli, lakini sijasikia kwamba kuna mtu anayerudi Bogue kwa ngoma.

Mizigo yangu mimi inatoka upande mwingine, kusini-magharibi: Dodge City, Garden City, Liberal. Nyama iliyopangwa kwenye maboksi. Dodge City ilikuwa mji wa wachunga ng'ombe kwa kama miaka kumi hivi, kuanzia 1875, na imeishi kwa kusimulia hiyo miaka kumi mpaka leo. Watalii wanalipa kuona bastola za bandia. Kinachowalisha watu ni machinjio. Kule Kihispania kinasikika kuliko Kiingereza, na Garden City kuna Wasomali. Mwenye duka mmoja aliishi miaka mingi Dadaab, kambi ya wakimbizi ya Kenya, Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa. Ananiita "bro wa TZ" na kuniuzia majani ya chai. Mwaka 2016 wanaume watatu walikamatwa wakipanga kulipua majengo ya Wasomali wa mji ule. Walihukumiwa vifungo virefu. Nilimuuliza siku moja kama hakuogopa. Akasema aliogopa, ndiyo, halafu akafungua duka.

Nisisahau Chanute, maana hii itamchekesha mama. Mji mdogo wa kusini-mashariki uliotokana na vijiji vinne vilivyogombania reli mpaka vikaamua kuungana, na ndani yake kuna jumba la makumbusho ambalo limebeba neno letu mlangoni: Safari. Ni la Martin na Osa Johnson, mume na mke. Osa alizaliwa hapo Chanute. Wawili hao walikwenda Kenya miaka ya 1920, wakaweka makao Marsabit, wakapiga filamu za tembo na simba, na baadaye wakarudi Afrika na ndege mbili, moja imepakwa milia ya punda milia, nyingine madoa ya twiga. Kijana wa mapokezi aliniambia "jambo". Nilimjibu "sijambo", akaniangalia kama nimekosea.

Jana nikampigia mama tena. Nikamweleza yote haya, kwa mkato. Nyasi hazikumshangaza. Reli ilimsikitisha. Lakini akataka kujua jambo moja tu: "Na maji wanachota wapi?"

Nikamwambia habari ya kisima cha Greensburg, mji uliofutwa na kimbunga Mei 4, 2007, karibu asilimia 95 ya majengo yakaenda. Mwishoni mwa miaka ya 1880 watu walichimba hapo kwa koleo na sururu kisima cha kina cha mita 33, upana karibu mita 10, kwa ajili ya mji na injini za treni. Juu ya nchi kila kitu kiliruka, kisima kikabaki. Siku hizi wanavuta kwa pampu kutoka kwenye hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi, Ogallala. Ukiwa angani unaona mashamba ya duara, kijani kibichi, moja baada ya jingine, kila duara na mkono wake wa chuma unaozunguka.

"Na hayapungui?"

"Yanapungua, mama. Kuna mashamba ambayo visima vimeshakauka."

"Wenyewe wanajua?"

"Wanajua. Wanapima kila mwaka."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na mtu akisukuma lango. Kisha akaniuliza lile bomba la uani, fundi anataka laki mbili, nitatuma lini.