Ijumaa aliyopitishwa Anthony Burns

Nikitoka zamu ya usiku kwa mama mzee ninayemtunza hapa Boston, napita State Street kwa miguu kwenda kupanda treni ya Lowell. Miaka 6 nimepita hapo nikiwaza kitanda tu. Tangu nilipomsoma Anthony Burns, nikifika pale mwendo hupungua wenyewe.

Burns alikuwa kijana wa karibu miaka 20. Alitoroka utumwani Richmond, Virginia, akaja Boston akapata kazi kwenye duka la nguo. Kilichomponza ni barua aliyomwandikia kakake: ilinaswa, bwana wake akajua alipo. Sheria ya 1850 ilimpa bwana haki ya kumfuata mtoro hata katika jimbo lisilo na utumwa. Tarehe 24 Mei 1854 jioni walimkamata kwa kumsingizia wizi wa vito.

Siku mbili baadaye watu, Weusi kwa Weupe, waliuvamia mlango wa mahakama wamtoe. Mlinzi mmoja akauawa, na Burns akabaki ndani. Ijumaa tarehe 2 Juni aliteremshwa State Street hadi melini arudishwe utumwani, amezungukwa na askari wenye bunduki na mzinga. Watu wapatao 50,000 walijaa kandokando wakipiga kelele za "Aibu!" Madirisha yalitundikwa vitambaa vyeusi, na juu ya barabara likaning'inia jeneza lililoandikwa "Uhuru".

Sasa rudi nyuma, 1835, mji huohuo. William Lloyd Garrison, mhariri wa gazeti la kupinga utumwa, alifungwa kamba akaburutwa mitaani na kundi la watu, wengi wao wenye mali na heshima zao, hadi meya akamficha jela ili asiuawe. Miaka 19 tu! Na hoja za Garrison zilikuwa zilezile.

Matajiri wale waliishi kwa pamba. Viwanda vya huku kwetu Lowell vilisokota pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Nyanya yangu Mombasa alikuwa na kitambaa kizito cheupe akikiita amerikani. Jina hilo lilikuja na nguo zilizoletwa Unguja na meli za Salem, mji ulio karibu na hapa. Nilipoliunganisha hilo niliweka simu chini, nikatazama nje mpaka treni ikafika.

Mmoja wa matajiri hao wa nguo, Amos Adams Lawrence, aliandika kuwa usiku walilala wahafidhina, wakaamka wendawazimu wa kukomesha utumwa. Namwamini. Makala ya Garrison aliweza kuitupa. Kijana anayeswagwa kwa mizinga chini ya dirisha la ofisi yake, angemtupa wapi?

Lakini kwangu mkubwa wa habari hii ni Leonard Grimes, mchungaji Mweusi wa kanisa la Wabaptisti mjini humo. Hasira za wengine zilipopoa, yeye aliendelea kuchangisha, na 1855 akamkomboa Burns kwa dola 1,300. Mwaka huohuo Massachusetts, jimbo lenye Boston, ikatunga sheria ya kuwakinga watoro, na hakuna mwingine aliyerudishwa kutoka jimbo hilo.

Burns alisoma Oberlin, akawa mchungaji St. Catharines, Kanada. Alifariki huko Julai 1862, miezi mitano na siku kadhaa kabla ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa.