Mzunguko mfupi wa msituni: ninavyoupima na ninavyouzunguka

Njia ya mzunguko, inayoanzia langoni na kuishia langoni, ni rahisi kuliko njia zote za msituni. Huhitaji usafiri wa kukupokea upande wa pili, na hupiti pahali pamoja mara mbili. Ubaya wake uko hapo hapo. Anayekwenda na kurudi kwa njia ile ile, akipotea wakati wa kurudi hugundua upesi, kwa sababu mbele yake kuna vitu ambavyo hakuvipita. Kwa anayezunguka kila kitu ni kipya mpaka mwisho, hivyo akipitiliza njiapanda hakuna kinachomshtua. Ndiyo maana matayarisho yangu mengi ni ya njiapanda.

Naanza na ramani. Ya kipimo cha 1:25,000 inafaa zaidi, kwa kuwa sentimita 4 ni kilomita 1 na kila kona inaonekana; kwenye 1:50,000 mzunguko mfupi unakuwa kama pete iliyobanana. Nasoma urefu wa njia na jumla ya mita za kupanda, kisha napiga hesabu ya muda kwa kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland aliyeitoa mwaka 1892. Kwa vipimo vya sasa ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kilomita 4 wenye mita 120 za kupanda unatoa dakika 48 na dakika 12, yaani saa moja kamili.

Hiyo ni saa ya mtu mkakamavu asiyesimama. Msituni kuna mizizi, matope na ndege wa kutazama, kwa hiyo mimi huchukua kilomita 3 kwa saa: dakika 80 za umbali na 12 za kupanda, takriban saa moja na nusu. Nikiongozana na watoto nashuka hadi kilomita 2 kwa saa. Juu ya hapo naongeza saa 1 ya akiba, halafu nahesabu kurudi nyuma kuanzia machweo ili nijue mwisho wa kuondoka langoni. Akiba hiyo siipunguzi, maana chini ya miti giza huingia mapema: mizizi inapotea machoni wakati uwandani bado kuna mwanga.

Kama hifadhi haijaweka mwelekeo mmoja kwa wote, nachagua mwenyewe upande wa kuanzia. Napanda penye mwinuko mkali na kushuka penye mteremko wa taratibu. Mteremko mkali wenye majani yaliyolowa huteleza, na magoti huumia kwa kushuka kuliko kwa kupanda. Mistari ya kontua, ile ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, hubanana penye mwinuko mkali; ikibanana karibu na mwanzo naanzia huko. Ikibanana mwishoni nazunguka kinyume.

Upande ukishajulikana, kuna jambo moja linalonisaidia kuliko simu. Ukizunguka kama mishale ya saa, ndani ya mzunguko ni mkono wako wa kulia muda wote, hata njia ijipinde vipi. Kijia chochote cha kushoto kinakutoa nje, pengine kwenye njia ndefu au nje kabisa ya hifadhi. Cha kulia kinaingia ndani: ni njia ya mkato, au kinaishia kwenye bwawa au mwamba wa kutazamia. Ukikosea kulia, uwezekano mkubwa utaangukia tena kwenye mzunguko wako. Ukikosea kushoto unaweza kwenda mbali sana. Ukizunguka kinyume, badilisha mikono.

Kisha naandika karatasi ndogo ya mfukoni, mstari mmoja kwa kila kipande. Kwa mfano: kaskazini, dakika 20, daraja la mbao, mashariki, dakika 25, njiapanda yenye benchi, kusini, dakika 30, kijito upande wa kulia, magharibi, dakika 15, lango. Katika kila njiapanda naangalia saa na dira. Dira hapa haihitaji ufundi, inatosha kujua kama nimeelekea kusini au bado niko mashariki. Alama niliyoitarajia isipotokea hata baada ya muda wake kuongezwa nusu, dakika 20 zikawa 30, narudi kwa nyayo zangu hadi njiapanda ya mwisho niliyokuwa na hakika nayo. Kukata vichakani ili "kuikuta njia mbele" ndiko kunakogeuza kosa dogo kuwa usiku msituni.

Alama za rangi kwenye miti nazisoma kwanza kwenye kibao cha langoni, kwa sababu kila hifadhi ina mpangilio wake. Mti wenye alama ukianguka, alama nayo imekwenda. Nikiwa na shaka nageuka nyuma: mara nyingi upande wa pili wa mti kuna alama ya wanaokuja kinyume.

Simu naibeba ikiwa na ramani niliyoipakua, katika hali ya ndege, kwa kuwa kutafuta mtandao humaliza chaji na kipokezi cha GPS huendelea kufanya kazi bila huo. Ila siiamini nikiwa kwenye njiapanda. Majani mabichi hudhoofisha mawimbi ya setilaiti na vigogo huyapotosha, hivyo nukta kwenye skrini huweza kuruka mita 10 au zaidi. Vijia viwili vinavyoachana polepole havitofautiki mpaka umeshaingia kimojawapo.

Maji ni nusu lita kwa kila saa, zaidi kukiwa na joto. Soksi ziwe za sufu au nyuzi za viwandani. Pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa hutoa malengelenge. Filimbi haina uzito: milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, halafu tena, ndiyo ishara ya kuomba msaada.

Njiani navuka mzizi bila kuukanyaga, maana ukilowa huteleza, na daraja la mbao lenye ukungu wa kijani nalipita kwa hatua fupi, mguu wote ukitua kwa pamoja. Kwenye tope napita katikati. Kila anayelikwepa pembeni anakanyaga miche na kushindilia udongo, na baada ya misimu michache njia ya mita moja huwa ya mita tano. Hilo linaniuma kuliko taka, kwa sababu taka huokotwa.

Viatu navipiga brashi kabla ya kuingia na baada ya kutoka, ili mbegu na vimelea vya udongo visihamie msitu mwingine. Mwisho nakagua kupe nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Aliyekwisha kung'ata anashikwa kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, akavutwa wima bila kukatisha na bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Naandika tarehe, maana homa au upele ukitokea katika wiki zinazofuata, daktari ataihitaji.