Ninavyokagua doa jeusi la unyayoni na mstari wa ukucha

Maelezo mengi ya madoa ya ngozi yaliandikwa kwa kuwalenga watu weupe, ndiyo maana yanatuelekeza mgongoni na mabegani. Kwa mtu mweusi melanoma, saratani ya ngozi inayoanza kwenye chembe za rangi, ni adimu, ila ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina mkono. Ndiko ninakoanzia. (Mwenye ualbino ana hesabu nyingine: kwake jua ndilo adui, na kidonda cha usoni, sikioni au shingoni kisichopona hakisubiriwi.)

Naosha miguu kwa sabuni, nasugua magaga, kisha nakaa dirishani mchana na kupanua vidole kimoja kimoja. Nikiona doa nalipiga picha bila flashi, rula ya milimita ikiwa kando yake, na mwezi unaofuata narudia kwa pembe ileile. Doa la kuachwa lina rangi moja, kingo zinazoeleweka, na picha mbili hazitofautiani. La kupeleka hospitali ni lile ambalo nusu moja haifanani na nyingine, kingo zimechongoka ovyo, kahawia imechanganyika na nyeusi au kijivu, au limezidi milimita 6. Lakini linalobadilika silipimi tena, nalipeleka hospitali hata likiwa dogo. Na sitegemei weusi peke yake: melanoma nyingine huja kama kinyama chekundu au kidonda kinachofanana na sugu, mtu akakikwangua miezi.

Kwenye kucha ndiko watu hutishika bure, au hupuuza wasipopaswa. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu ukubwani. Mstari wa ukucha mmoja tu, uliozidi milimita 3, unaopanuka shinani au uliomwaga rangi kwenye ngozi ya pembeni, huo ni wa daktari. Damu iliyovilia baada ya kujikwaa hujitambulisha yenyewe: ukucha wa mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, hivyo baada ya miezi miwili doa linasogea mbele na shinani panabaki peupe. Lisiposogea, usidhani ni damu tu; muone daktari. Bob Marley alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa dole gumba la mguu mwaka 1977, ikidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki 1981 akiwa na miaka 36.

Wapaka hina na piko, kagueni kabla ya kupaka, la sivyo mstari unafichika mpaka ukucha wote uote upya.

Hospitali naomba wakague nyayo zote mbili, kisha rufaa kwa daktari wa ngozi. Doa la kutiliwa shaka hutolewa lote pamoja na milimita chache za ngozi ya kando, linatiwa fomalini (dawa ya kulihifadhi lisioze) na kupelekwa patholojia, maabara inayolichunguza kwa hadubini. Kulitoa mwenyewe nyumbani kwa wembe, uzi wa kufungia au maji ya betri huharibu kipimo hicho, kwa sababu kinachoamua matibabu ni unene wa uvimbe, na ukishakatwa juu juu unene haupimiki tena. Kwa hiyo majibu nayachukua kwa maandishi, na nikiambiwa ni melanoma, natafuta unene umeandikwa milimita ngapi.