Sensa Imeona, PLC Haijui

Usiku wa kuamkia siku ya kutetea mradi wetu wa mwaka wa mwisho, mashine ya kujaza maji kwenye chupa, mwaka 2017 jijini Dar es Salaam, chupa zilikuwa zinapita tu. Chupa ya nusu lita inafika chini ya bomba, inapitiliza, inadondoka mwisho wa mkanda. Hakuna hata moja iliyosimama ijazwe.

Tulikuwa wanne. Mmoja fremu na mkanda, mmoja nyaya za paneli, mmoja manunuzi ya Kariakoo, mimi programu. Kila mtu alikijaribu kipande chake kikakubali. Kuviunganisha tukakuacha hadi wiki ya mwisho, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kiongozi wa kundi nilikuwa mimi.

Mimi nikalaumu nyaya. Mwenye nyaya akalaumu programu. Saa tano usiku fundi wa maabara, mzee aliyekuwa anatusubiri afunge mlango, akasogea.

"Mwanangu, hebu pitisha mkono hapo."

Nikapitisha kiganja mbele ya sensa, jicho la kuona chupa ikifika. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka.

"Sasa tazama huku."

Kwenye PLC yetu, kompyuta ndogo inayoendesha mashine, S7-1200 ya Siemens, taa ya I0.2, ingizo la sensa hiyo, ilikuwa imezima vilevile. Sensa imeona, PLC haijui.

Mzee akawasha tochi ya simu, akasoma kibandiko: NPN. Nikaishiwa nguvu. Kwenye orodha ya manunuzi nilikuwa nimeandika "sensa ya mwanga, volti 24", basi. Sensa ya PNP ikiona kitu hupeleka volti 24 kwenye waya mweusi. Ya NPN huuvuta waya huo kwenye volti sifuri. Paneli yetu ilifungwa kwa PNP: 1M, njia ya pamoja ya maingizo yote 14 ya PLC yetu, ilikuwa kwenye sifuri. Sifuri kwa sifuri, umeme utapita wapi?

Tungeweza kuihamishia 1M kwenye 24, lakini vitufe vyote vingebidi vigeuzwe, pamoja na swichi ya dharura. Hiyo sikutaka iguswe kabisa. Tuliifunga ili hata waya wake ukikatika mashine isimame, na tulishaipima kwa kuuchomoa.

Mzee akavuta droo, akatoa relei ndogo ya volti 24, swichi inayojifunga koili yake ikipata umeme. "Sensa ivute koili ya hii. Relei ndiyo impelekee PLC ile 24 anayoitaka."

Mwenye nyaya akafunga, mimi nikimshikia tochi. Tukaweka chupa. Relei ikalia tak, I0.2 ikawaka kijani, mkanda ukasimama, vali ikafunguka. Maji yakapanda taratibu mpaka shingoni mwa chupa, yakakatika. Mkanda ukaondoka tena.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikamwambia mwenye nyaya.

Hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye mkanda. "Weka nyingine," akasema.