Njia ya mzee kutoka kitandani hadi chooni

Kama una mzee dhaifu nyumbani, anza na njia anayopita usiku kwenda kujisaidia. Ipite mwenyewe saa nane usiku, taa zimezimwa, umevaa kandambili zake. Kwenye nyumba za milimani hapa Mwanza, kama Mabatini, Igogo au Bugarika, choo mara nyingi kiko nje na ngazi zake ni mawe yasiyolingana. Mvua ikinyesha, yanateleza vibaya.

Hatari inaanzia kitandani. Chandarua kirefu kinanasa vidole vya miguu, kwa hiyo mzee akikunje na kukitupia juu kabla ya kushusha miguu. Kisha akae ukingoni dakika moja au mbili akichezesha nyayo, ndipo ainuke. Wengi huanguka hapo kwa sababu presha inashuka ghafla wanaposimama, hasa wanaotumia dawa za presha au za kukojoza. Ipime akiwa amelala dakika 5, kisha asimame, upime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mpelekee daktari vipimo hivyo pamoja na vidonge vyote anavyokunywa. Usimkatize dawa kwa uamuzi wako.

Kwa usiku, safari ya nje haina sababu. Fundi seremala atobolee tundu kiti cha mbao chenye mikono, uweke ndoo yenye mfuniko chini yake, kando ya kitanda. Kiti cha plastiki kilichotobolewa tundu katikati tunakikataa kabisa: miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye sakafu yenye maji. Mchana, choo cha kuchuchumaa kinahitaji bomba la chuma la kushika. Kulifunga kwa misumari kwenye tofali za udongo ni kumtega mzee, maana akiinuka analivuta kwa uzito wote.

Fimbo ifike usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mkono ukining'inia, amevaa viatu, na aishike upande ulio kinyume na mguu mbovu. Mpira wa chini ukiisha, badilisha.

Akishaanguka, msimnyanyue kwa kumvuta mikono. Tazameni miguu: mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Msimsimamishe wala kumpakia bodaboda. Fungeni miguu yote miwili pamoja kwa kanga, mto katikati, mumbebe amelala kwenye ubao hadi kwenye gari la hospitali.