Gemu ya runinga ilivyomrudisha Baba kwenye mazoezi

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, na mazoezi aliyopewa kliniki aliyaacha mapema sana. Si uvivu. Ugonjwa huu unapunguza dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, na dopamini ikipungua hata ari ya kuanza jambo inapungua. Ukimwambia, "Baba, nyanyua mguu mara kumi," anaitikia, kisha anabaki vilevile alivyokaa.

Kaka yangu anayeishi Uingereza alituletea Wii ya wanawe, mashine ya gemu inayounganishwa na runinga, pamoja na ubao wake wa kusimamia, ule unaopima uzito wako umeegemea wapi. Mashine ni ya zamani, ilianza kuuzwa mwaka 2006, lakini adapta yake ni ya volti 230 kama umeme wetu hapa Tanga. Ukinunua ya mtumba angalia hilo kwanza, maana za Japani zinataka volti 100.

Kabla Baba hajaupanda nilimuuliza mtaalamu wake wa viungo. Aliniambia mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 8 yenye wagonjwa 263, yaliona michezo ya namna hii inaweza kurefusha hatua kwa muda mfupi, na kwamba kwa uwezo wa kusimama bila kuyumba haikupishana sana na mazoezi ya kawaida. Kwangu hiyo ilitosha. Kama faida inakaribiana, nachagua zoezi ambalo mgonjwa atakubali kulifanya.

Masharti aliyotupa nayashika mpaka leo. Ubao una kimo cha kama sentimita 5, na kwa mtu anayeburuza miguu hapo ndipo pa kuangukia. Kwa hiyo kulia na kushoto tunaweka viti vizito vya mbao, migongo ya viti kwake ili apate pa kushika, na mimi nasimama nyuma nimekamata kanga niliyomfunga kiunoni. Kabla ya kuinuka anakaa wima kidogo, kwa sababu presha yake hushuka akisimama ghafla.

Kubwa zaidi ni saa. Levodopa, dawa yake ya Parkinson, anaimeza asubuhi kwa maji, na maziwa au maharage yanasubiri, kwani protini hugombea njia moja na dawa. Dawa ikishakolea, uso ukachangamka na mkono ukatulia, ndipo tunawasha runinga. Ikianza kuisha nguvu tunazima, hata kama yeye ndiye anayeongoza.

Si kila mchezo unafaa. Ule wa kupiga mipira kwa kichwa huku ukikwepa viatu vinavyorushwa tuliuacha, kwa sababu unataka uamuzi wa haraka mno na ulimkasirisha. Unaomfaa ni wa meza inayoinama, ambapo unahamisha uzito polepole mpaka kijipira kiingie kwenye tundu. Hapo niliona jambo ambalo maneno yangu hayakuweza kumfundisha. Baba huganda mlangoni pa choo, nyayo kama zimegandishwa na gundi, na kumbe muda wote huo uzito uko juu ya mguu uleule anaotaka kuuinua. Kwenye runinga kijipira kinamwonyesha. Akiegemea kulia kinakwenda kulia, na mguu wa kushoto unabaki mwepesi.

Tukauhamishia ujuzi huo mlangoni. Nilibandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, kimoja kwa kila hatua, kwa kuwa jicho likipata alama ya kulenga, ubongo hupata njia nyingine ya kuamuru mguu. Sasa akiganda hatumvuti mkono. Namwambia tu, "Baba, kulia kwanza," anaegemea, anavuka utepe. Siku nyingine bado inashindikana, hasa jioni akichoka, lakini asubuhi mara nyingi anafika mwenyewe.

Wajukuu nao wamesaidia kuliko nilivyotarajia. Wakitoka shule Jumamosi wanashindana naye, na ukisikia "Babu, umetupita tena!" ujue amesimama wima muda mrefu bila mtu kumhimiza. Siku hiyo hunikumbusha yeye dawa ya asubuhi.

Dawa hatujaipunguza, na hilo ni la daktari peke yake. Kitu ambacho ubao haufundishi ni kugeuka, kwa sababu miguu inabaki mahali pamoja, na kwenye kugeuka ndipo anapoyumba zaidi. Kwa hilo tunazunguka meza ya sebuleni kwa duara pana, akihesabu hatua kwa sauti, gemu ikiwa imezimwa.