Siku nne juu ya tuta la reli, Pittsburgh hadi Cumberland

Nimekulia Tabora, baba akifanya kazi kwenye karakana ya reli, na neno lake moja lilinisaidia kupanga safari hii kuliko ramani: garimoshi halipandi mlima, huuzunguka. Ndiyo maana niliposikia kwamba njia ya baiskeli ya Great Allegheny Passage inavuka milima kwa kilomita 241, kutoka Pittsburgh, ninakoishi sasa, hadi Cumberland katika jimbo la Maryland, Marekani, sikuogopa. Sehemu kubwa yake inapita juu ya matuta ya reli zilizoachwa. Mataruma yaling'olewa, ikamwagwa changarawe laini ya chokaa, na magari hayaruhusiwi.

Swali la kwanza lilikuwa tuanzie wapi. Shemeji yangu, niliyesafiri naye, alitaka tuanzie Cumberland. "Shem, tumalize mlima mapema, baadaye tuteremke hadi nyumbani." Nikamwonyesha vimo. Kilele cha njia kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari. Ukitokea Cumberland unapanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 38 tu, na mizigo yote ikiwa bado mizito. Ukitokea Pittsburgh, kupanda kama huko kunasambazwa kwenye kilomita 200 hivi, hata hukuhisi. Akakubali.

Kisha nikapanga safari kuanzia mwisho. Kurudi nyumbani kulitegemea treni ya abiria ya shirika la Amtrak inayopita Cumberland jioni, na nafasi za baiskeli ndani yake ni chache, lazima ziwekwe mapema. Jumapili tuliyoitaka ilikuwa imejaa, tukasogeza kila kitu hadi Jumanne. Ningekuwa nimelipia vyumba kwanza, fedha ile ingepotea. Nilichagua katikati ya Septemba kwa sababu joto limepungua, na pia kwa sababu handaki la Big Savage, lililo karibu na kilele, hufungwa majira yote ya baridi.

Mwanzoni niligawa kilomita sawasawa, sitini kila siku. Haikufaa, maana kilomita ya sitini inaweza kukukuta katikati ya msitu. Nikafuata miji: West Newton, Ohiopyle, Meyersdale, halafu Cumberland. Siku ndefu kuliko zote ikawa ya pili, kama kilomita 67, nayo inaishia Ohiopyle kwenye maporomoko ya mto Youghiogheny, mahali ambapo mtu anatamani kufika mapema akae. Tulifika saa kumi jioni, tukavua viatu.

Kuhusu mizigo nasisitiza jambo moja: jaribu baiskeli ikiwa imebeba kila kitu, wiki mbili kabla. Mimi nilifanya hivyo, nikagundua kisigino changu kinagonga mfuko wa pembeni kila ninapokanyaga pedali. Nikausogeza nyuma kwenye keria, na vitu vizito nikavishusha chini. Tulibeba tyubu mbili kila mmoja, viraka, pampu, spana ndogo, koti la mvua na taa. Ramani nilichapisha kwenye karatasi, kwa kuwa kwenye mabonde yale mtandao wa simu hupotea. Chakula cha njiani kilikuwa chapati na karanga. Pancha tulipata moja tu, baada ya Connellsville, tukaiziba chini ya mti.

Siku ya tatu, kabla ya Meyersdale, tulivuka daraja la Salisbury, refu karibu mita 582, bonde na barabara kuu vikiwa mbali chini yetu. Nilisimama pale muda mrefu nikimfikiria baba.

Asubuhi ya nne tukavuka kilele, tukaingia Big Savage. Ni kama kilomita moja ya giza. Taa zimo, lakini baridi yake inakulazimisha kuvaa koti. Ukitoka upande wa pili, milima ya Maryland imetandazwa mbele yako, na kuanzia hapo miguu inapumzika, kazi ni ya breki. Kagua vitalu vya breki usiku uliotangulia.

Jioni tulipandisha baiskeli kwenye treni. Reli inayotumika hadi leo inafuata mito ileile, mara nyingi ng'ambo ya pili. Shemeji alilala. Mimi nilikaa dirishani mpaka Pittsburgh, karibu saa sita usiku, nikitafuta gizani upande tuliopita.